Pointi Nne za Orysia

Mimi sipendi mtu anayekunywa kahawa ya mwenzake, na Orysia Hnatiuk amekunywa yangu kila Jumamosi kwa miaka miwili. Kwa hiyo msije mkasema namtetea kwa sababu ni shoga yangu. Nasimulia kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu wenzetu wa darasa wakisimulia wao, wanajitoa kwenye ujinga wote wanamwachia yeye peke yake. Hiyo si haki. Ujinga ulikuwa wetu sote.

Tulikuwa tunasoma shahada ya uzamili ya ununuzi na uchumi hapa Winnipeg. Jumamosi nzima na jioni mbili za katikati ya wiki, watu wazima wenye kazi, watoto, na nyumba ambazo benki bado inazidai. Kwenye kitivo chetu somo hupangiwi, unalipigania. Siku ya kwanza kila mwanafunzi anapewa pointi mia, ndizo hizo hizo hadi mwisho. Kila muhula masomo yanatangazwa, unaandika dau lako kwa siri, na waliotaja dau kubwa ndio wanaopata viti. Pointi haziazimwi, hazigawiwi, hazirithiwi. Aliyebuni mtego huo ni Profesa Ingvar Sigurdson, mzee mrefu wa nyusi nyeupe ambaye maisha yake yote amefundisha minada na zabuni, na hakuna aliyewahi kumwona akinunua kitu kwa bei aliyotajiwa.

Mimi ni bahili, nasema wazi. Nilifika muhula wa mwisho nikiwa na pointi tele. Orysia alifika na nne.

Nne! Mwaka wa kwanza alizitapanya kama mtu aliyeokota pochi. Arobaini nzima alizimwaga kwenye somo liitwalo Uongozi Wenye Furaha, eti kila kipindi kulikuwa na sandwichi za bure na mwalimu mwenye mabega mapana. Nilimwambia, "Shoga, sandwichi hizo unazilipia."

"Na mabega je?" akaniuliza.

Sasa somo lililobaki lilikuwa moja tu, nalo la lazima kwa mtu wa ununuzi: Minada na Zabuni, la Sigurdson mwenyewe. Mzee alikuwa anastaafu, anakwenda zake Gimli kando ya ziwa. Likikupita muhula huo, limekupita jumla. Na Orysia hakuwa na nafasi ya kupitwa. Yeye ni mnunuzi wa bodi ya shule. Madawati, rangi za kuchorea, karatasi za chooni, vyote hupita mikononi mwake. Bosi wake alikuwa anaondoka mwezi wa sita, na bodi ilikwisha kumwambia: ukiwa na shahada mkononi, kiti ni chako, huna, tunampa Dwight. Dwight huyo ndiye aliyewahi kuwanunulia wahudumu wa shule zote masepetu ya theluji ya saizi ya chekechea, kisha akasema wahudumu wajifunze kuinama.

"Nimwite bosi, Leona? Dwight?" Orysia alikuwa karibu kulia. "Hadi nistaafu?"

"Ungefikiria hayo wakati wa mabega."

"Nisaidie, basi."

"Pointi haziazimwi."

"Sikuombi pointi," akasema, na macho yake yakaanza kuchezacheza. Mimi macho hayo nayajua. "Nakuomba unyamaze tu."

Jumamosi iliyofuata, wakati wa mapumziko, chumba cha kahawa kimejaa, kila mtu anapasha moto pirogi zake, vile viandazi vya viazi, Orysia akaniuliza kwa sauti ya kuvuka barabara: "Leona, umeshanunua suruali ya theluji?"

"Ya nini?"

"Ya mtihani wa Sigurdson! Hujasikia? Muhula huu ni wa mwisho wake, hataki darasa. Atatutahini kwenye kibanda chake cha kuvulia, katikati ya ziwa, juu ya barafu. Unatoboa shimo, unaulizwa maswali, na hutoki mpaka umevua samaki."

Mimi ni Mmenoni. Kanisani kwetu uongo ni dhambi, tumefundishwa hivyo tangu utotoni. Kunyamaza si dhambi. Nikanyamaza kwa moyo wangu wote.

Lo! Uvumi haukuwa na haja ya msaada. Wiki moja tu ukaturudia umenenepa: shimo unatoboa kwa mkono, keekee ya mashine hairuhusiwi, moto hauwashwi, shemeji ya mtu fulani, mwaka fulani, alikatwa kidole cha mguu kilichoganda kwa baridi. Orysia aliposikia habari ya kidole alinishika mkono.

"Maskini! Ni kweli?"

"Si wewe uliyetunga?"

"Kidole sikutunga!"

Kabla ya dau la mwisho kitivo huwa kinabandika idadi ya wanaokusudia kuingia kila somo. Tulikwenda kutazama. Minada na Zabuni: watano. Orysia alicheza pale pale kwenye korido, buti za theluji miguuni, na pointi zake nne zikawa utajiri. Bi Corazon Dimaano, karani wa kitivo, akatoa kichwa dirishani.

"Mnafurahia nini?"

"Somo la Sigurdson, watu watano tu!"

"Aa, hilo linafutwa," Bi Corazon akasema. "Wasipofika kumi, somo halipo. Mzee mwenyewe atafurahi, atakwenda kuvua mapema."

Nilimtazama shoga yangu. Rangi ilimtoka yote. Wahenga walisema ukichimba shimo lichimbe fupi, huenda ukaingia mwenyewe, na hili letu lilikuwa limechimbwa hadi chini ya barafu. Nilimhurumia, kweli nilimhurumia, lakini nilicheka kwanza.

"Nitawaambia ukweli," akasema.

"Afadhali."

"Ukweli si unatosha?"

Nikasema unatosha. Nilikuwa nimesahau tunasoma na nani.

Tulikuwa tunasoma na Garnet Beaulieu. Garnet ni mchumi wa bima, ndevu zake zimechongwa vizuri, na hajawahi kuamini neno la mtu tangu amezaliwa. Ukimwambia "habari za asubuhi" anajiuliza unataka nini. Darasa zima lilimfuata kwa sababu alitabiri mambo mawili matatu yakawa. Basi Orysia akasimama mle kwenye chumba cha kahawa, mkono kifuani, akasema: "Jamani, nilidanganya. Hakuna ziwa, hakuna samaki, hakuna kidole. Mtihani ni wa darasani kama kawaida. Tafadhali wekeni dau."

Kisha Garnet akaweka kikombe chini.

"Tuchambue," akasema.

Mimi neno hilo linanipandisha mori hadi leo.

"Orysia analitaka somo hili, ni la lazima kwake. Lingekuwa rahisi, angetaka tuwe wachache. Lakini anatuita. Kwa nini? Kwa sababu ziwa lipo, na hataki kwenda peke yake."

"Garnet, nimekwambia nilidanganya!"

"Na mwongo anayekiri uongo," Garnet akauliza huku akiwageukia wenzake, "anadanganya lini?"

Walimpigia makofi! Watu wazima, wenye watoto! Mmoja hata aliandika. Orysia akawasihi, akaapa, akamtaja marehemu bibi yake. Kila alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kutingisha vichwa na kutabasamu, wakimwona mjanja kuliko alivyo. Tulitoka pale yeye analia kweli, mimi nimenuna.

"Nikidanganya wananiamini," akasema ndani ya gari. "Nikisema kweli hawaniamini. Sasa nifanyeje, Leona?"

"Nyamaza. Mimi huwa inanisaidia."

Hakunyamaza. Alitazama kioo cha gari kilivyoganda, akafuta machozi kwa mkono wa glavu, na yale macho yakaanza tena kuchezacheza. "Simama pale kwenye duka la donati," akasema.

Siku iliyofuata ya masomo aliingia na maboksi mawili makubwa ya donati, za sukari na za jemu, akayapanga mezani. Akazunguka mwenyewe akimpa kila mtu na leso yake.

"Za nini hizi?" Garnet akauliza. Ameshauma.

"Za shukrani," Orysia akasema, sauti laini kama ya mtawa. "Nawashukuru kwa kutokuja kwenye somo la Sigurdson. Kaeni huko huko. Mungu awabariki."

Hakuongeza neno. Hakuwa na haja. Niliona taya la Garnet likisimama katikati ya donati. Niliona wakitazamana. Ndani ya muda wa kunawa mikono simu zote zilikuwa nje, na kila mtu amempa mwenzake mgongo ili asione dau analoandika.

Muda wa dau ulipofungwa, darasa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Kufutwa? Thubutu! Dau la chini kabisa lililopata kiti lilikuwa kumi na tisa. Mimi kiti nilipata, lakini Orysia, na zile nne zake, alikuwa kwenye orodha ya kusubiri, mstari wa mwisho kabisa.

"Ahsante kwa donati," Garnet akamwambia.

Mimi ni mpole, lakini siku hiyo nilimwambia Garnet jambo ambalo kanisani kwetu halisemwi.

Muhula ulipoanza, Januari, magari yote yamechomekwa umeme usiku kucha ili injini zisigande, yawake asubuhi, Orysia alikuja nami hivyo hivyo. Akakaa kwenye korido, kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, koti mapajani. Nilimwuliza anangoja nini. Akasema hana mahali pengine pa kwenda. Ofisini Dwight alikuwa ameshaanza kukaa kwenye kiti cha bosi ili, eti, akizoeshe.

Profesa Sigurdson akaingia. Akatundika kofia yake ya manyoya, akatutazama tulivyobanana, akafurahi waziwazi.

"Karibuni. Nimesikia," akasema polepole, "kwamba mtihani wa somo hili utafanyika ndani ya kibanda changu, juu ya ziwa, na kwamba mtu hatoki mpaka avue samaki."

Watu wakacheka kicheko cha wanaojua mengi.

"Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Lakini nimelala nalo nikaliona ni wazo zuri sana. Nimeshaomba kibali cha kitivo, nimekipata. Njooni na soksi mbili mbili."

Kicheko kikakatika. Kwa taratibu zetu una wiki moja ya kuacha somo, na wiki hiyo mlango wa Bi Corazon haukufungwa. Walitoka mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake: mgongo, pumu, harusi ya dada. Orysia akapanda orodha, akapanda, akapanda, hadi jioni moja Bi Corazon alikuja hadi kwenye kile kiti cha plastiki akamwambia, "Ingia ndani, mama, unanitia huruma."

Nilitegemea Garnet awe wa kwanza kukimbia. Wapi! Alibaki, miguu juu ya miguu. "Mzee anatutisha ili tupungue," alininong'oneza. "Ingekuwa kweli, angeficha."

Basi mwanzoni mwa mwezi wa tatu, nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, tukajikuta Gimli, tumesimama juu ya ziwa. Wanafunzi wanaingia wawili wawili. Garnet hakuwa na mwenza, akapangiwa baada yetu. Alikuwa amevaa viatu vya ofisini. Nawaambieni, vya kamba.

Kibandani mlikuwa na jiko dogo la kuni, mabenchi mawili, shimo sakafuni, na Profesa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula keki ya plamu ya kwao, ile ya tabaka nyingi. Alimpa Orysia mshipi. Tukangoja. Orysia alikazia macho shimo. Alijua mwezi wa sita wake wote umening'inia kwenye uzi ule. Ukashtuka. Akavuta, nikamsaidia, akatoka samaki mnene mwenye macho ya kioo, anarukaruka juu ya mbao.

"Nimefaulu!" Orysia akapiga kelele.

"Bado." Profesa akamvuta samaki kwa ncha ya buti. "Ziwa la Mungu, lakini shimo langu, mshipi wangu, kibanda changu. Samaki ni wangu. Mtihani ni huu: mpate kutoka kwangu. Anzeni."

Orysia akataja dola ishirini. "Nina pensheni," mzee akasema. Akataja hamsini. Mzee akakata keki. Mimi nikataja soseji za mama yangu, zile za moshi za kwetu Steinbach. Hapo alisita, maana soseji za mama zinasitisha watu, halafu akatikisa kichwa. Orysia akamwambia kuna mtu anamwita nje. "Wewe ni wa nne leo kuniambia hivyo," akasema. Tukajaribu kumtisha na bei ya samaki kushuka, tukajaribu kushindana sisi kwa sisi, tukatumia kila kitu kilichomo kwenye kitabu chake mwenyewe. Mzee alikuwa anaburudika. Samaki alishaacha kurukaruka.

Mwishowe Orysia akaweka uso mikononi. "Profesa, sina kitu tena," akasema. "Nilianza muhula huu na pointi nne na hadi leo ndizo nilizonazo. Hizo nne ndizo zilizonifikisha kwenye mambo yote haya."

"Nne?" Kisu cha keki kikasimama. "Na wewe ni wa muhula wa mwisho? Na somo hili kwako ni la lazima?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini uliweka dau?"

Tulimwangalia bila kuelewa.

"Mwanafunzi wa muhula wa mwisho aliyebakiwa na somo moja la lazima hapigi mnada," Profesa akasema. "Anakuja ofisini, anagonga, anasema, 'Profesa, naomba kiti.' Namtilia saini. Niliiweka kanuni hiyo siku nilipotunga mfumo. Ipo ukurasa wa kwanza wa mwongozo wa kitivo."

"Na... ni wangapi waliokuja?" nikauliza mimi.

"Hakuna." Akatafuta neno, kama mtu aliyesikitika kidogo. "Miaka yote hiyo, hata mmoja. Kila mwaka naacha mlango wazi, na kila mwaka wanapita nje wakipiga hesabu. Na huyo aliyetunga ule uvumi wa ziwa, sijui ni nani, ana kipaji kikubwa sana. Kugonga mlango kungemchukua dakika moja."

Orysia akawa mwekundu hadi masikioni. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa, maana mabega, donati, machozi, kile kiti cha plastiki, vyote vilinipita mbele ya macho, na mimi mwenye pointi tele nilikuwa sijafungua ukurasa wa kwanza vilevile. Kuni zikapasuka ndani ya jiko. Nikamwona Orysia anainua kichwa taratibu. Akamtazama samaki. Akamtazama mzee.

"Profesa," akasema, "naomba samaki."

"Chukua," Profesa akasema, akampa.

Hivyo tu! Akaandika kitu kwenye daftari lake, akampa mkono, akamkatia na kipande cha keki. "Umefaulu. Mwenzio naye kafaulu, kwa ajili ya soseji."

Mimi nikaona hapa ndipo mahali. "Profesa," nikasema kwa adabu zote, "naomba A."

"Hapana," akasema. "B."

Nje, Garnet alikuwa anarukaruka kwa mguu mmoja, ndevu zimeota barafu. Akatukimbilia. "Swali ni lipi? Niambieni, swali ni lipi?"

Orysia alikuwa amemkumbatia samaki wake kama mtoto mchanga. Alikuwa na kila sababu ya kumchezea yule mtu. Nilimwona akifikiria, macho yakacheza kidogo, kisha yakatulia.

"Atakwambia samaki ni wake," akamwambia. "Usibishane, usitaje bei. Mwombe tu. Sema 'naomba samaki.' Atakupa."

Garnet akamtazama. Akanitazama mimi. Akamtazama samaki. Polepole tabasamu likaanza kumjia chini ya barafu ya ndevu.

"Mnanionaje nyie?" akasema, akaingia ndani.

Tuliwasha gari tukakaa tunaota moto, tunakula keki, samaki kwenye kiti cha nyuma. Orysia alipiga simu ofisini kwao na kuomba, kwa upole kabisa, Dwight atoke kwenye kile kiti. Jua likashuka hadi kwenye barafu. Nilipogeuza gari kuelekea mjini nilitazama nyuma: moshi wa kibanda bado unatoka, na dirishani nilimwona Garnet amesimama, anahesabu kwa vidole, anaendelea kupandisha bei.